Jinsi ya Kuhesabu Safari ya Mishipa ya Damu katika Retina ya Mtoto Njiti

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu na wazazi wanaowatunza watoto njiti katika wodi za Dodoma na wilaya zake. Shabaha yake ni kumwezesha anayesimama kando ya kitanda cha mtoto kukadiria mishipa ya damu ya retina imefika wapi leo, ili ajue macho hayo yachunguzwe siku gani na kwa nini siku hiyo haiahirishwi.

Huku kwetu ugonjwa wa macho unaofahamika zaidi ni vikope, na wenyeji wa Kongwa wanaujua vizuri kuliko wengi, kwa kuwa wilaya yao imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huo kwa miongo kadhaa. Vikope vina dalili zinazoonekana: macho huwa mekundu, ukope hujikunja kwa ndani, na mgonjwa hulalamika. Ugonjwa wa retina ya mtoto njiti hauna hata moja kati ya hizo. Jicho kwa nje hubaki safi na zuri wakati nyuma yake mishipa inaota mahali pasipostahili, na mama anapokuja kuona weupe ndani ya mboni, mara nyingi retina imekwisha kubanduka. Kwa sababu hiyo hatuwezi kungoja dalili, na kinachobaki mikononi mwetu ni hesabu ya wiki.

Elewa kwanza kinachojengwa

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa ndani ya jicho upande wa nyuma, nao ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa za kupelekwa kwenye ubongo. Nusu yake ya nje hulishwa na koroidi, yaani tabaka lenye damu nyingi lililo nyuma yake. Nusu ya ndani inahitaji mishipa yake yenyewe, na katika miezi ya kwanza ya mimba mishipa hiyo haipo kabisa. Kwa muda huo jicho changa husaidiwa na mshipa wa haialoidi, unaopita katikati ya jicho kutoka nyuma hadi kwenye lenzi. Mshipa huo ni wa kazi ya muda, na kwa kawaida hunyauka na kutoweka kabla mtoto hajazaliwa.

Mishipa ya kudumu huanza kuchomoza kati ya wiki ya 14 na ya 16 ya mimba, mahali ambapo neva ya macho huingilia kwenye jicho. Kutoka hapo hutambaa kuelekea ukingoni pande zote. Kwa kuwa neva hiyo haikuingilia katikati kabisa bali imesogea upande wa pua, ukingo wa upande wa pua uko karibu zaidi, nao hufikiwa kwenye wiki ya 36 hivi. Ukingo wa upande wa sikio uko mbali zaidi, na hufikiwa karibu na wiki ya 40. Ishike akilini tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini daktari wa macho huchunguza kwa makini zaidi upande wa sikio.

Ninapowaeleza wanafunzi wa uuguzi jinsi mishipa inavyojua njia, hutumia shamba la zabibu, kwa kuwa hakuna mtu wa Dodoma asiyelijua. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi husimamisha nguzo na kuzifunga waya, kisha mzabibu hupata mahali pa kutambaa. Retina nayo hutanguliza waya. Waya hizo ni seli ziitwazo astrosaiti, zenye matawi kama nyota, ambazo hazizaliwi ndani ya retina bali huingia kutoka kwenye neva ya macho. Huitwa na seli za ganglioni, yaani seli za neva za retina zenyewe, ambazo hutoa protini ya PDGF, na zinapoitikia hujitandaza juu ya uso wa ndani wa retina kama wavu, zikiwa zimeitangulia mishipa kwa hatua fupi.

Mfano wa zabibu unaishia hapo, na ni vema mwanafunzi aelezwe hivyo, kwa sababu waya wa shambani haumwiti mzabibu, ilhali waya wa retina huita. Astrosaiti zilizo mbele ya mishipa ziko mahali ambapo damu haijafika. Hukosa oksijeni, na ukosefu huo huzifanya zitoe protini nyingine iitwayo VEGF. Seli iliyo kwenye ncha ya mshipa huihisi protini hiyo kwa vidole vyembamba inavyovinyoosha mbele, na hujivuta kuifuata. Seli hiyo ya ncha huwazuia jirani zake wasiwe viongozi pia. Wao hubaki nyuma wakigawanyika ili kurefusha mrija. Damu inapofika, astrosaiti za mahali hapo hushiba oksijeni na kupunguza VEGF, na wito huhamia kwa zile zilizo mbele zaidi. Hivyo ndivyo ukosefu mdogo wa oksijeni, ambao kwa masikio yetu ya hospitalini unasikika kama jambo baya, ulivyo chombo cha ujenzi katika retina ya mtoto aliye tumboni.

Mrija mpya ni dhaifu. Seli zake za ukuta hutoa PDGF ya aina nyingine ili kuziita perisaiti, yaani seli zinazoukumbatia mshipa kwa nje na kuuimarisha, na katika retina perisaiti ni nyingi kuliko karibu kila mahali pengine mwilini. Mshipa usiokumbatiwa bado huishi kwa kuitegemea VEGF, na VEGF ikipungua ghafla mshipa huo hufa, wakati ule uliokwisha kukumbatiwa hustahimili. Mwenye kutunza mtoto njiti akilielewa jambo hili moja ameelewa sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe.

Zipo pia seli za Müller, zilizopewa jina la Heinrich Müller wa Ujerumani aliyezieleza mwaka 1851. Tofauti na astrosaiti, hizi huzaliwa ndani ya retina kutokana na seli mama zilezile zinazozaa seli za neva, nazo husimama kutoka uso wa ndani hadi tabaka la nje, zikiushikilia utando mzima. Baada ya mishipa kuenea juu, matawi yake huzama na kujenga matabaka ya ndani zaidi, na seli za Müller huchangia kuyaongoza. Fovea, kitovu cha kuona vitu vidogo kama maandishi, huachwa bila mishipa ili mwanga upite bila kizuizi.

Hesabu wiki

Tarehe ya kuzaliwa peke yake haitoshi. Mishipa ya retina hufuata umri wa mimba, na kuzaliwa mapema hakuiharakishi. Kwa hiyo tafuta umri wa jumla, yaani wiki za mimba siku ya kuzaliwa ukijumlisha na wiki zilizopita tangu siku hiyo.

Chukua kadi ya kliniki ya mama na usome tarehe ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Tuseme ilikuwa tarehe 5 Januari ya mwaka wenye siku 365, na mtoto akazaliwa tarehe 20 Julai. Kati ya tarehe hizo kuna siku 196, na ukizigawanya kwa 7 unapata wiki 28 kamili. Tarehe 17 Agosti mtoto huyo atakuwa na wiki 4 tangu azaliwe, na umri wake wa jumla utakuwa wiki 32. Wiki ya 36, mishipa inapotarajiwa kufika ukingo wa upande wa pua, itaangukia tarehe 14 Septemba, na wiki ya 40 itaangukia tarehe 12 Oktoba. Ziandike tarehe hizo zote juu ya faili siku hiyo hiyo anapolazwa, kwa kalamu inayosomeka.

Wapo akina mama wengi wasiokumbuka tarehe ya hedhi, na wapo walioanza kliniki mimba ikiwa kubwa. Hapo tumia kipimo cha ultrasound kilichofanyika mapema katika mimba, kwa kuwa kadiri mimba inavyokua ndivyo kipimo hicho kinavyopungua usahihi. Kama nacho hakipo, mpime mtoto kwa alama za Ballard, zinazoangalia ngozi, nyayo, masikio na jinsi viungo vinavyokunjika. Alama hizo zinaweza kukosea kwa wiki mbili, kwa hiyo ukibaki na shaka kati ya namba mbili, mpangie mtoto uchunguzi kana kwamba alizaliwa katika wiki ndogo zaidi. Uchunguzi wa ziada utamsumbua kwa dakika chache, lakini uchunguzi uliokosekana unaweza kumgharimu macho.

Usiwalinganishe watoto kwa siku walizokaa wodini. Watoto wawili waliolala vitanda vya jirani wanaweza wote kuwa na wiki 4 tangu wazaliwe, lakini aliyezaliwa kwa wiki 26 ana umri wa jumla wa wiki 30, na retina yake bado ina eneo pana lisilo na mishipa, wakati aliyezaliwa kwa wiki 33 amefika wiki ya 37 na anakaribia kumaliza.

Simamia oksijeni

Mwaka 1942 daktari Theodore Terry wa Boston alieleza utando mweupe nyuma ya lenzi za watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne aliihusisha hali hiyo na oksijeni nyingi, na baadaye majaribio ya Marekani yakathibitisha. Norman Ashton wa London alionyesha kwa paka wachanga kwamba oksijeni nyingi huifunga mishipa ambayo haijakomaa. Ukikumbuka habari ya perisaiti utaona sababu. Oksijeni ikizidi, astrosaiti hunyamaza, VEGF hushuka, na mishipa isiyokumbatiwa hufa. Hiyo ni awamu ya kwanza. Awamu ya pili huanza karibu na wiki ya 32, retina inapokuwa imekua na kudai oksijeni zaidi huku eneo lake la ukingoni likiwa halina mishipa. Sasa VEGF hutolewa kwa wingi kupita kiasi, na mishipa mipya huota ovyo, ikichomoza kuelekea kwenye ute uliojaza jicho. Huko huvuja, hugeuka makovu, na makovu huivuta retina.

Hata bila mashine yoyote, mtoto aliyezaliwa hupata oksijeni nyingi kuliko aliyokuwa akipata kupitia kondo la nyuma. Kwa hiyo hatuwezi kuiondoa hatari yote, ila tunaweza kuacha kuiongeza. Mtoto njiti anayepewa oksijeni afungiwe oksimita, yaani kifaa kinachopima oksijeni iliyomo katika damu, na katika wodi nyingi kiwango kinacholengwa ni kati ya asilimia 90 na 95. Weka kengele ya juu kwenye 95 na usiizime kwa sababu inapiga kelele. Oksimita ikisoma 99 wakati mtoto anapewa oksijeni, hiyo si habari njema, bali ni agizo la kupunguza. Ikisoma 99 mtoto akiwa anapumua hewa ya kawaida ya chumba, hakuna cha kufanya.

Mtungi hutoa oksijeni tupu. Kama wodi ina kifaa cha kuichanganya na hewa, kitumie kila mara. Kama haina, punguza mtiririko kidogo kidogo ukitazama oksimita, na uandike kila badiliko na saa yake. Lakini usiifunge oksijeni kwa hofu. Katika miaka ya 1950, baada ya sababu kugundulika, hospitali nyingi za ng'ambo ziliibana mno, na watoto wengi wakafa au wakabaki na ubongo ulioathirika. Majaribio makubwa ya baadaye, likiwamo lililochapishwa Marekani mwaka 2010, yalionyesha kwamba kulenga asilimia 85 hadi 89 kulipunguza ugonjwa wa retina lakini kuliongeza vifo. Ndiyo maana tunalenga katikati, na ndiyo maana kazi hii inamtaka muuguzi aitazame namba usiku kucha.

Matunzo mengine yanasaidia retina pia. Mtoto anayekua vizuri kwa uzito, anayenyonya maziwa ya mama yake, anayebebwa kifuani kwa njia ya kangaruu na asiyepata maambukizi ya damu, yuko katika hali bora zaidi. Mpime uzito kila siku na usiichukulie hesabu hiyo kuwa ya tumbo peke yake.

Chagua nani achunguzwe, na lini

Mwongozo wa Marekani huwachunguza waliozaliwa kwa wiki 30 au pungufu, au kwa gramu 1,500 au pungufu. India, ambako watoto wakubwa zaidi wamepofuka mahali ambapo oksijeni haikusimamiwa vizuri, imepanua mipaka hadi walio chini ya wiki 34 au chini ya gramu 2,000. Ushauri wangu ni kwamba wodi zetu zifuate mipaka hiyo mipana, kwa kuwa hali zetu zinafanana zaidi na za India, na mtoto mkubwa aliyeugua sana au kupewa oksijeni kwa muda mrefu aongezwe kwenye orodha.

Uchunguzi wa kwanza ufanyike mtoto anapofikisha wiki 4 tangu kuzaliwa. Kwa wale wa chini ya wiki 27, ungoje hadi umri wa jumla wa wiki 31, kwa kuwa kabla ya hapo ugonjwa unaohitaji tiba huonekana kwa nadra sana. Yule wa mfano wetu achunguzwe tarehe 17 Agosti, awe bado wodini au amekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Mwandae mtoto

Mweleze mama mapema, kwa maneno yaliyo wazi: "Mama, mishipa ya jicho la mtoto bado inatembea, na daktari anataka kuona imefika wapi. Mtoto atalia, na kesho kope zinaweza kuvimba kidogo, kisha zitapoa." Kama bibi wa mtoto yupo, naye aelezwe pamoja, kwa sababu mara nyingi ndiye atakayeamua kama safari ya kurudi kliniki itafanyika.

Mtoto asinyonyeshwe katika saa moja kabla ya uchunguzi, asije akatapika na kupaliwa. Mtie matone ya kupanua mboni kwa kipimo alichoandika daktari, na ufute mara moja yanayotiririka shavuni, kwa sababu ngozi ya mtoto njiti huyanyonya na mapigo ya moyo yanaweza kubadilika. Wakati wa uchunguzi mfungeni kwa kanga mikono ikiwa ndani, mpe matone machache ya maziwa ya mama au maji ya sukari yaliyoandaliwa wodini, na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutazama upumuaji na oksimita. Daktari huvaa taa kichwani, hushika lenzi mkononi na huyaacha macho wazi kwa kishikio kidogo cha chuma. Ukimaliza, kumbuka kwamba mboni hubaki wazi kwa saa kadhaa, na jua la Dodoma ni kali. Anayetoka nje amfunike mtoto uso.

Soma majibu

Daktari ataandika mambo matatu. La kwanza ni eneo: la I ni duara linaloizunguka neva, la II linafika ukingo wa upande wa pua, na la III ni mwezi mwandamo uliobaki upande wa sikio. Mishipa ikiishia eneo la I, hatari ni kubwa zaidi. La pili ni hatua. Hatua ya 1 ni mstari mwembamba kati ya palipo na mishipa na pasipo nayo. Ya 2 mstari umeinuka kama tuta la shambani. Ya 3 mishipa mipya imeota juu ya tuta. Ya 4 retina imebanduka kwa sehemu. Ya 5 imebanduka yote. La tatu ni hali ya mishipa ya nyuma. Ikiwa imevimba na kupindapinda, daktari ataweka alama ya kujumlisha, na alama hiyo ni ya dharura.

Hatua ya 1 na ya 2 bila alama hiyo mara nyingi hupona zenyewe, lakini hupona zikiwa zinatazamwa, kila wiki au kila wiki mbili. Ikiandikwa kwamba tiba inahitajika, ifanyike ndani ya saa 48 hadi 72, na hiyo ina maana kwamba simu ya rufaa hupigwa siku hiyo hiyo kabla zamu haijabadilishwa. Leza huchoma eneo lisilo na mishipa ili liache kutoa VEGF. Sindano ndani ya jicho huifunga VEGF yenyewe.

Mtoto anaporuhusiwa

Hapa ndipo watoto wengi wanapotupotea. Familia inarudi Kondoa au Mpwapwa, mtoto ananenepa, jicho kwa nje ni safi, na nauli ni fedha. Kabla ya kuwaaga, andika tarehe ya kurudi kwenye kadi kwa siku na mwezi, usiandike "baada ya wiki mbili". Chukua namba ya simu ya mama na ya ndugu mwingine anayepatikana, hakikisha kliniki ya macho iko wazi siku hiyo kabla ya kuiandika, na kama mama anatakiwa pia kliniki ya uzito, viweke vyote katika safari moja. Asipofika, apigiwe simu siku ile ile, kwa kuwa mishipa iliyoko hatua ya 2 leo inaweza kuwa imevuka hatua ya 3 wiki mbili baadaye.

Uchunguzi hukoma daktari anapoona mishipa imefika ukingoni pande zote, au mtoto anapofikisha wiki 45 za umri wa jumla bila ugonjwa unaohitaji tiba. Aliyetibiwa kwa sindano hayumo katika kanuni hiyo. Dawa huzuia VEGF kwa muda, kisha nguvu yake hupungua, na ugonjwa unaweza kurudi miezi kadhaa baadaye wakati familia imekwisha kuusahau. Mtoto huyo huendelea kutazamwa hadi wiki ya 65 hivi ya umri wa jumla, na kwenye kadi yake iandikwe kwa herufi kubwa kwamba alipata sindano ya jicho, ili kila zahanati atakakopelekwa kwa homa au chanjo wajue kumuuliza mama kama tarehe yake ya macho imepita.